Mtoto wangu hapandi gari yoyote ila 504, wenzangu mnafanyaje?

#1 Ummu Sule
Asalam aleikum wanajamvi. Mie nakaa Fuoni hapa Unguja, nna kijana wa kiume miaka miwili na miezi minane. Hajambo, anakula, anasema mpaka masikio yanauma, ila ana wazimu wa daladala. Sio kupenda gari kama watoto wengine, huyu wazimu khasa. Akiamka hajataka hata maziwa anauliza "504 ishapita?", ndio namba ya daladala yetu ya Fuoni. Sahani ya wali usukani, mlango wa friji ndio mlango wa gari, na ukimkalisha choo akimaliza anagonga ukuta mara mbili anasema "shusha!"

Sasa tabu yangu. Mama anakaa Bububu, kwenda kwake lazima nishuke Darajani nipande 502. Mtoto akiiona tu ile mbili ya mwisho anajilaza chini katikati ya watu, "sio yetu, sio yetu", watu wananiangalia kama nimemuiba. Jumamosi nimerudi nyumbani na 504 ile ile tuliyojia, mama kule kapika biriani kanisubiri mpaka saa kumi. Mume wangu anacheka tu. Mamkwe anasema mengine ambayo sitaki kuyaandika hapa.

Huu ni utundu, ni umri, au kuna kitu? Wenye watoto wa hivi mnaishi nao vipi?

#2 Mtu wa Nungwi
Gari ya kweli ni 116 tu, hizo nyengine za kununulia nyanya. Mlete huku.

#3 Shangazi Mkali
Samahani mleta uzi, ntasema kweli. Mtoto wa miaka miwili ndio anaamua familia iende wapi? Sisi tulikuwa tunabebwa mgongoni na kanga, unalia mpaka Mtoni, ukifika Bububu ushalala. Kulia hakujaua mtu. Mpandishe.

#4 Baba Warda
@Shangazi Mkali wewe hujawahi kubeba mtoto alieamua kuwa gunia la chumvi. Unamshika mkono analegea, unamshika kiuno anateleza, na utingo keshakugongea gari "twende twende".

Ummu Sule pole, hauko peke yako. Mie nna binti wa miaka miwili na nusu, yake fagio. Usicheke. Fagio la chelewa. Tumemnunulia mwanasesere anaongea na kufumba macho, kautupa uvunguni, analala na fagio kalikumbatia. Kwa watu hasalimii mpaka aoneshwe fagio lao. Na anayajua, akiona chelewa za zamani zimekatika anasema "hili bibi". Mwezi uliopita tulikwenda maziko Kwerekwe, katikati ya watu wanalia yeye kalikuta fagio la wenyewe kaanza kufagia ukumbi, ikabidi watu wacheke.

#5 Karafuu Moja
Mie nawasoma kutoka Chake, Pemba. Wangu ana miaka mitatu kasoro, yake popo. Wale wakubwa wa Kidike. Babaake alimpeleka siku moja tu kuwaona walivyoning'inia mitini mchana, basi tangu siku ile mtoto hali embe mpaka aambiwe popo nae anakula embe. Anataka kulala kichwa chini miguu juu ya mto. Nshazoea, naona bora popo kuliko simu. Na popo wale huwapati kwengine duniani ila Pemba, kwa hiyo angalau kachagua kitu cha kwao.

#6 Fundi Vespa
Mtoto wa Kipemba anapenda popo na nyie mmekaa kimya? Mwaka 1995 watu walilala nje kwa kumuogopa shetani Popobawa 😂 Mwambie asiongeze "bawa" mbele ya bibi yake tu.

#7 Karafuu Moja
@Fundi Vespa nlijua tu kuna mmoja atakuja na hilo. Ntu mzima hovyo.

#8 Juma Mtandao
Tatizo ni simu. Watoto wa siku hizi wanawekewa vidio za magari saa nzima, ubongo unakuwa mtumwa wa kitu kimoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa muongozo 2019, mtoto wa miaka miwili mpaka minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo. Mnyang'anye simu wiki mbili uone kama 504 haijasahaulika.

#9 Ummu Sule
Ahsanteni. @Juma Mtandao simu yangu kioo kimepasuka tangu mwaka jana, haioneshi vidio wala picha, napokea simu kwa kubahatisha jina. Tivii kwetu ni ya baba yake na mpira. Yeye kitu chake dirisha. Nyumba yetu inatazama barabara, anapanda kiti anashika nondo, saa nzima hasikiki.

@Shangazi Mkali nilimpandisha kwa nguvu mara moja. Alitapika juu ya buibui la mtu. Sirudii.

#10 Nesi wa Zamu
Dada, mie nafanya kazi kliniki ya watoto, nitakuuliza machache ujibu mwenyewe moyoni. Ukimwita jina lake anageuka? Akiona kitu cha ajabu anakioneshea kidole halafu anakutazama wewe uone nae? Anacheza mchezo wa kujifanya, kama hivyo sahani kuwa usukani? Maneno aliyokuwa nayo yanaongezeka au kuna aliyokuwa akiyasema sasa kayaacha? Ukiona haitiki, haoneshi, au maneno yanapotea, usingoje, nenda ukaonane na daktari wa watoto ili aangaliwe mapema, usonji ukijulikana mapema mtoto anasaidiwa zaidi. Kupenda kitu kimoja peke yake hakutoshi kusema ana tatizo. Na kujilaza chini umri huo mimi mwenyewe wangu alijilaza kliniki, mbele ya wakuu wangu.

#11 Mama Hadia
Nesi kasema vizuri lakini tusijifanye hatujui mambo. Mtoto analilia kitu kimoja, anagonga kuta usiku... mkamsomee. Kombe, zile aya zinazoandikwa kwa wino zikaoshwa akanywa, na ubani, siku saba. Wangu alikuwa analia kila magharibi, alipoandikiwa akatulia.

#12 Nesi wa Zamu
Kusomewa Kurani hakuna alieukataa. Ila isiwe sababu ya kuchelewesha kliniki, na kombe la wino msimpe mtoto bila kujua wino wenyewe ni kitu gani. Zafarani sawa, mengine sijui.

#13 Ummu Sule
Mama Hadia ndio hayo hayo ya mamkwe 😅 kombe lishaandikwa, kalinywa lote akasema "mafuta" akafuta mdomo. Kwake ilikuwa anatia gari mafuta.

@Nesi wa Zamu ahsante, yote hayo anafanya, tena kuonesha kidole ndio ugomvi wetu, kila gari lazima niangalie. Moyo umetulia kidogo.

#14 Mzee Gari la Mbao
Wanangu salam. Mimi nimeendesha gari za shamba miaka mingi, zile za mbao watu wakiziita chai maharage, mabenchi mawili mnatazamana magoti yanagongana. Makunduchi, 310. Mwezi wa saba siku ya Mwaka Kogwa unapakia mpaka juu na bado wanaokota miguu barabarani.

Nnachotaka kumwambia bibie Ummu Sule ni kwamba namba zile zina mpango wake, na mtoto pengine anauona mpango ambao sisi hatuutazami. Zinazoanza na mia moja zinakwenda kaskazini, 101 Mkokotoni, 116 Nungwi, 118 Matemwe. Mia mbili mashariki huko, 206 Chwaka, 214 Uroa. Mia tatu kusini, 309 Jambiani, 310 yangu. Mia tano za mjini na pembeni yake. Mia sita Pemba. Kwa hiyo 502 na 504 ni ndugu, hazina ugomvi. Mfundishe udugu wa namba badala ya kumlazimisha.

Na jambo jengine, uliza kwenu. Kitu hichi hakitoki hewani. Mwanangu wa pili alikuwa anasikia injini akiwa tumboni mwa mamaake, maana nilimpakia mpaka mwezi wa tisa.

#15 Karafuu Moja
Kweli mzee, 603 Mkoani na 606 Wete. Sijawahi kufikiri kwa nini ni sita.

#16 Ummu Sule
Mzee shikamoo. Nimempigia mama. Babu yake mama alikuwa utingo wa gari ya Bumbwini! Mimi sikuwa najua, mama anasema tulikuwa hatulisemi sana kwa vile alikuwa akinywa. Nimebaki mdomo wazi.

#17 Fundi Vespa
Babu yangu alikuwa mvuvi, mie maji ya bahari nayaogopa mpaka ya ndoo. Damu gani hiyo inachagua.

#18 Msomaji wa Kikwajuni
Ngoja niwapeni kitu. Kuna utafiti ulitoka 2007, Judy DeLoache na wenzake Marekani, walichunguza watoto wadogo wenye mapenzi makali ya kitu kimoja. Karibu theluthi ya watoto walikuwa nayo, wavulana zaidi kuliko wasichana, na kilichoongoza ni vyombo vya usafiri. Yanaanza mapema, wengine hata miaka miwili hawajafika. Watoto wa kawaida kabisa. Sasa kule walikuwa na treni na ndege, sisi tuna 504. Mzee anasema damu, Juma anasema simu, Mama Hadia anasema mambo mengine, kumbe wa huko nako wako hivyo hivyo na hawana babu utingo Bumbwini.

#19 Shangazi Mkali
Theluthi ya watoto wa Marekani. Wale wana nafasi ya kupenda. Hapa mtoto anapenda gari kwa sababu hana kitu chengine cha kutazama, kafungiwa nyumba ya matofali mama yuko jikoni. Mtoeni akacheze mchanga na wenzake.

#20 Baba Warda
Na wangu anaependa fagio nae kafungiwa? Kwetu tuna ua mkubwa na mwembe. Anaufagia.

#21 Mwana Kizimbani
Naomba tumjaribu. Ummu Sule chukua makaa uandike 504 kwenye boksi, umuulize. Halafu uandike nyengine. Tujue anasoma namba au anatambua rangi ya gari na sauti ya utingo wake. Maana mie wangu alikuwa "anasoma" gazeti lote kumbe kakariri picha.

#22 Juma Mtandao
Wakati tunasubiri majibu, mnajua jina la Bububu lenyewe limetokana na treni? Reli ya Wamarekani, 1905, kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, ikilia bu bu bu. Kwa hiyo mtoto anaekataa kwenda Bububu anakataa historia 😄

#23 Msomaji wa Kikwajuni
Reli kweli, jina sio. Bububu ilikuwa ikiitwa Bububu kabla chuma hakijalazwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani, alozaliwa Mtoni 1844, alikaa huko na kaitaja kwa jina hilo kwenye kumbukumbu zake zilizochapwa 1886. Treni imekuja miaka karibu ishirini baadae. Wazee wanasema ni sauti ya maji ya chemchem yanavyotoka, na ndiko Sultani Barghash alikotoa maji kuyaleta mjini.

#24 Juma Mtandao
Bibi yangu kazaliwa Bububu na alisema treni.

#25 Mzee Gari la Mbao
Bibi yako kaikuta treni, jina kalikuta pia. Ila nawasahihisha nyote wawili, reli ya kwanza hapa sio ya Bububu. Barghash alikuwa na yake ya kwenda kasri la Chukwani kabla ya hapo, mabehewa yakivutwa na nyumbu kwanza, baadae ndio ikaletwa injini. Alipokufa 1888 ikang'olewa.

#26 Fundi Vespa
Nyumbu waliwatoa Serengeti?

#27 Mzee Gari la Mbao
Nyumbu mtoto wa punda na farasi, kijana. Skuli mlikuwa mnafanya nini.

#28 Mtu wa Nungwi
Mtoto ana miaka miwili anagombana kwa 502 na 504. Nyie mna hamsini mnagombana kwa treni iliyokufa miaka ya 1920.

#29 Bi Ndogo wa Malindi
Nimecheka peke yangu dukani. Wangu ni meli, tunakaa karibu na bandari, anajua honi ya kila boti. Mapinduzi II ikipiga anasema "Pemba", za mchana anasema "Dar", hakosei, na ikichelewa anakasirika kama kapakia mzigo. Kinachonitisha sio akili yake, ni miguu. Juzi nilikuwa nakaanga samaki, mlango umeegeshwa, kugeuka hayupo. Nimemkuta karibu na geti la bandari kashikwa mkono na mchukuzi, anaangalia boti. Mikono yangu ilikuwa na unga na damu ya samaki, watu walidhani nimechinja mtu. Tangu siku hiyo nimeweka komeo juu kabisa mlangoni. Ummu Sule nyumba yako inatazama barabara umesema. Weka komeo leo.

#30 Ummu Sule
Bi Ndogo umenitoa jasho. Fundi anakuja kesho asubuhi.

Majibu ya jaribio la @Mwana Kizimbani. Nimeandika 504 kwa makaa kwenye boksi la sabuni. Kapiga makofi, "Foni!" Nimeandika 502, kageuza uso ukutani. Baba yake akaingia kwa utani akaandika 405. Kaitazama muda mrefu, kidole mdomoni, akasema "inarudi nyuma".

#31 Mwana Kizimbani
Allahu akbar. Anasoma.

#32 Juma Mtandao
Hasomi, kabahatisha. Gari zinarudi nyuma kila saa hapo stendi utingo wanapiga kelele "rudi rudi rudi", neno analo mdomoni.

#33 Mama Hadia
Mie nasema tena. Miaka miwili na miezi minane. Msomeeni.

#34 Baba Warda
Nimemuandikia Warda 405 nae nione. Kalifagia boksi.

#35 Nesi wa Zamu
😂😂 Ummu Sule, mtoto yuko sawa, endelea kumuita jina na kumsikiliza. Kwa safari, jaribu kumpa kazi. Watoto wa umri huu wakipewa kazi wanasahau kugoma. Mpe boksi lake la 504 alishike, mwambie yeye ndie utingo na leo gari yake inakwenda Bububu.

#36 Shangazi Mkali
Kwa hiyo mnamdanganya. Haya. Na zile nauli za kurudi bure alipe nani. Nijulishe ikifanya kazi, nna mjukuu na mambo yake ya mabomba ya maji.

#37 Bi Ndogo wa Malindi
Shangazi nae kumbe! Leta habari za mabomba.

#38 Shangazi Mkali
Anafungua. Hafungi. Basi.

#39 Ummu Sule
Wenzangu nimerudi, jana tumejaribu. Boksi la 504 nimelitia kamba kalivaa shingoni. Darajani nimemwambia "utingo, gari yako hii, Bububu, ita watu". Kasimama mlangoni pa 502, kaangalia ile namba, kaangalia boksi lake, kaligonga bati mara mbili akapanda! Utingo wa kweli kijana mzuri kampisha akae karibu na mlango. Njia nzima anaita "Bububu Bububu", kwenye maghofu ya Maruhubi kaita "shusha" gari ikasimama kweli, mama mmoja akashuka anacheka anasema hata hivyo mimi ndio kituo changu.

Tumefika Bububu, mama yangu kasimama njiani na mwavuli. Mtoto hashuki. Utingo hashuki na abiria, ati gari inarudi mjini. Nimebembeleza, nimemuonesha bibi yake, nimemuonesha pilau kwa mdomo. Kashika nondo. Dereva akasema dada watu wana safari. Nikamwambia basi mama, salam aleikum, tukageuza nae mpaka Darajani. Nauli ya kurudi kakataa kuipokea utingo, ati huyu mwenzetu.

Mama kapanda gari ya nyuma yetu na sufuria ya pilau. Tumekula Fuoni saa moja usiku.

#40 Fundi Vespa
Kwa hiyo tatizo la kupanda limekwisha, sasa ni kushuka.

#41 Mzee Gari la Mbao
Utingo hashuki na abiria. Kweli kabisa. Huyu nani kamfundisha?

#42 Juma Mtandao
Dirisha.

#43 Mama Hadia
Dirisha lina nondo, halina ulimi.

#44 Mtu wa Nungwi
Nilisema mapema mkanidharau. Mpandisheni 116. Huku mwisho ni bahari, atashuka tu.